Somo wa babu yangu juu ya mlango wa kanisa la Wajerumani: watakatifu waliovuka Atlantiki pamoja na wahamiaji

Msomakale (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, nawasalimu kwa heshima.

Babu yangu mzaa baba alibatizwa Peramiho, mkoani Ruvuma, kwa jina la Liborius. Kijijini kwetu walikuwapo akina Liborius wengine watatu, kwa hiyo nilikua nikidhani kwamba hilo ni jina la Kingoni kama yalivyo majina mengine ya wazee wetu. Mwaka 2017, nikiwa masomoni Marekani, nilipita na rafiki yangu kwa gari katika mitaa ya kaskazini mwa jiji la St. Louis, Missouri, tukakuta kanisa kubwa la mtindo wa Gothiki ambalo ilionekana wazi kwamba halina Misa tena. Nilipomuuliza jina lake akaniambia ni St. Liborius. Nilimwomba asimamishe gari, nikashuka, nikasimama mbele ya mlango uliofungwa nikiwa nimeduwaa, maana sikuwa nimewahi kukutana na jina la babu mahali popote nje ya Ruvuma.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu makanisa ya wahamiaji Wajerumani, na leo naomba niyaweke hapa niliyoyaelewa. Sisi wa Afrika Mashariki tunawajua Wajerumani kama watawala wa kikoloni na kama wamisionari, lakini hatuwajui kama watu wa kawaida waliofunga mizigo yao, wakapanda meli, na kwenda kuanza maisha ugenini bila kujua lugha ya wenyeji.

Nianze na Liborius mwenyewe. Alikuwa askofu wa Le Mans, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, kwenye karne ya 4. Mwaka 836 masalia yake yalitolewa Le Mans na kupelekwa Paderborn, Westfalia, ambako Ukristo ulikuwa bado mchanga na jimbo jipya lilihitaji mtakatifu wa kulisimamia. Wenyeji husimulia kwamba tausi aliutangulia msafara akiuonyesha njia, na ndiyo maana hadi leo tausi ni alama yake. Ukiiona sanamu yake utamtambua mara moja: ni askofu aliyeshika kitabu, na juu ya kitabu hicho pana vijiwe vitatu, kwa sababu waumini humkimbilia wanapougua vijiwe vya figo. Mtoto wa mkulima wa Westfalia alimjua Liborius kabla ya kujua kusoma, kwa kuwa sikukuu yake ya Julai ilikuwa ndiyo sikukuu kubwa ya mji, yenye maandamano na gulio. Wahamiaji wa Westfalia walipoanzisha parokia yao St. Louis mwaka 1856, huyo ndiye waliyemweka juu ya mlango. Kanisa lile nililoliona lilitabarukiwa mwaka 1889, wakati wajukuu wa waanzilishi walikuwa tayari wanacheza barabarani kwa Kiingereza.

Jambo ninalotaka kulisimamia katika uzi huu ni kwamba jina la somo wa kanisa, yaani mtakatifu ambaye kanisa limepewa jina lake, lilikuwa anwani ya nyumbani. Kabla ya mwaka 1871 hapakuwapo dola moja iliyoitwa Ujerumani; palikuwapo falme, tawala ndogondogo na miji huru, kila mmoja na sheria zake, fedha zake na lahaja yake. Mtu aliyeteremka melini New York, Baltimore au New Orleans hakujiona kwanza kuwa Mjerumani. Alijiona Mwestfalia, au Mbavaria, au mtu wa Baden. Karani wa bandarini aliwaandika wote kwa jina moja, lakini wenyewe walijuana kwa matamshi, kwa mapishi, na kwa watakatifu waliowaomba usiku mtoto alipopandwa na homa.

Kwa sababu hiyo majina ya makanisa yao husomeka kama ramani. Mtakatifu Kilian aliuawa Würzburg mwaka 689, na ndiye baba wa imani ya watu wa Franconia. Jina lake utalikuta Wisconsin na Minnesota. Mtakatifu Wendelin, ambaye kwa masimulizi alichunga mifugo katika bonde la Saar na kuuachia jina mji wa St. Wendel, amefika Ohio, Indiana na Minnesota, mahali ambapo mtu mwenye ng'ombe wanne na majira ya baridi ya miezi mitano alihitaji sana mtakatifu wa mifugo. Mtakatifu Donatus, anayeombwa dhidi ya radi na ambaye anaheshimiwa sana Eifel na Luxemburg, amekipa jina kijiji kizima cha Iowa walikokaa wahamiaji wa Kiluxemburg. Liborius naye hakuishia St. Louis tu. Illinois kuna kijiji kinachoitwa St. Libory, na katika kaunti hiyohiyo pana kijiji kingine kinachoitwa Paderborn. Nebraska nako kuna St. Libory.

Halafu kuna jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote, nami naomba mlitafakari. Kilian alitoka Ireland. Walburga, ambaye kaburi lake Eichstätt limekuwa mahali pa hija kwa zaidi ya miaka 1000, alikuwa Mwingereza, na kaka zake Willibald na Wunibald vilevile. Willibrord wa Echternach alitoka Northumbria. Elizabeti, ambaye Wajerumani humwita wa Thuringia, alikuwa binti wa mfalme wa Hungaria. Liborius alikuwa mtu wa Gaul, yaani Ufaransa ya kale, ambaye hakuwahi hata kuikanyaga Westfalia akiwa hai. Yaani watakatifu ambao wahamiaji waliwabeba kama kitu cha asili kabisa cha nyumbani, wengi wao walikuwa wageni waliopokewa na nchi ile wakawa wenyeji kuliko wenyeji.

Nitaendelea kesho juu ya Mtakatifu Bonifasi, ambaye habari yake inahitaji nafasi ya peke yake. Maswali yanakaribishwa.

Kengele ya Alfajiri

Mkuu, asante kwa uzi wenye kufundisha. Nina maswali mawili. La kwanza, mimi ni Mlutheri wa Kilimanjaro, na kwetu Mjerumani maana yake ni Mlutheri wa misheni ya Leipzig; je, Walutheri waliohamia Marekani nao walibeba watakatifu wa kwao? La pili, ni nani aliyekuwa analipia makanisa makubwa namna hiyo, ikiwa watu wenyewe walikuwa wametoka mikono mitupu?

Msomakale (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu Kengele, maswali yako yote mawili ni ya msingi.

Walutheri waliohamia walikuwa wengi, na pengine makanisa yao ni mengi kuliko ya Wakatoliki katika baadhi ya majimbo ya Marekani, lakini majina waliyoyapenda yalitoka moja kwa moja katika Maandiko: Mtakatifu Yohane, Mtakatifu Paulo, Sayuni, Imanueli, Utatu. Majina hayo hayakuambii mtu ametoka kijiji gani. Hata hivyo lipo kanisa moja ambalo sharti nilitaje. Mwaka 1845 kikundi cha watu 15 kutoka Franconia, wakiongozwa na mchungaji August Crämer na kutumwa na Wilhelm Löhe wa Neuendettelsau, walifika katika misitu ya Michigan wakaanzisha Frankenmuth, jina ambalo maana yake ni moyo wa ushujaa wa Wafranconia. Usharika wao waliuita St. Lorenz, yaani Mtakatifu Laurenti, kwa jina walilolileta kutoka kwao. Walikuwa Walutheri thabiti wasiomwomba mtakatifu yeyote, lakini jina la kanisa walilozoea kulisikia lilikuwa limewaingia, nao hawakuona sababu ya kuliacha ng'ambo. Usharika huo upo hadi leo.

Kuhusu fedha, sehemu ilitoka Ulaya. Vienna kilianzishwa chama cha Leopoldina mwaka 1829 kwa ajili ya kusaidia misheni za Amerika, na München kikaanzishwa chama cha Ludwig mwaka 1838 chini ya ulinzi wa mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria. Vyama hivyo vilituma fedha, vitabu, mavazi ya Misa na picha za altareni. Padre aliyekwenda Pennsylvania mwaka 1846 kuanzisha monasteri ya kwanza ya Wabenediktini nchini Marekani, Boniface Wimmer, aliishi kwa kuandika barua za kuomba msaada kwa mfalme huyo na kwa chama hicho. Lakini sehemu kubwa ilitoka mifukoni mwa waumini, senti kwa senti, na hapo ndipo tunapata tahadhari moja muhimu: si kila jina la mtakatifu lilitoka nyumbani. Chicago kuna kanisa mashuhuri la Wajerumani la Mtakatifu Mikaeli, lililoanzishwa mwaka 1852. Ukifuata hoja yangu bila uangalifu utaanza kuutafuta mji wa Ujerumani unaomheshimu Mikaeli, kumbe kiwanja kilitolewa na mwenye kiwanda cha bia aitwaye Michael Diversey, na parokia ikampa heshima ya kumchukua somo wake. Moto mkubwa wa mwaka 1871 uliliteketeza kanisa hilo likabaki kuta, na waumini, ambao wengi walikuwa wamepoteza nyumba zao wenyewe, walilijenga upya ndani ya muda mfupi.

Sasa niingie kwa Bonifasi kama nilivyoahidi.

Alizaliwa Wessex, Uingereza, kwa jina la Winfrid. Alivuka bahari akahubiri Hesse na Thuringia, akaukata mwaloni mtakatifu wa mungu Donar huko Geismar mbele ya watu waliosubiri aanguke kwa radi, akawa askofu mkuu, na mwaka 754 akauawa Dokkum akiwa mzee bado yuko safarini kuhubiri. Kaburi lake liko Fulda. Kanisa linamwita mtume wa Wajerumani, wote kwa jumla, na hapo ndipo ulipo uzito wa jina lake kwa wahamiaji. Mtaa wa mji wa Marekani haukuwa kijiji cha Westfalia. Ngazi moja ya nyumba ya kupanga iliweza kuwa na familia ya Bavaria chini, ya Baden katikati na ya Rhineland juu, na lahaja zao zilitofautiana kiasi cha kutosikilizana vizuri. Parokia ya namna hiyo ikimchukua Kilian, watu wa Paderborn watanung'unika. Ikimchukua Liborius, Wabavaria watauliza huyo ni nani. Bonifasi hakumkera mtu. Ndiyo maana nadhani kanisa la Bonifasi ni ushahidi kwamba watu wale wamekwisha kuanza kujiona kuwa Wajerumani, na walijiona hivyo ugenini, wengine miaka mingi kabla nchi yenyewe haijaungana. Parokia ya Bonifasi ya Louisville, Kentucky, ilianzishwa mwaka 1836. Ya San Francisco mwaka 1860. Ya Chicago katika miaka ya 1860 hiyohiyo.

Mifano miwili ya Bonifasi nisingependa kuiacha. Kanada, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya Winnipeg, kuna St. Boniface, zamani mji wa peke yake na tangu mwaka 1972 sehemu ya Winnipeg, ambako wakazi wengi wanajulikana kwa kuzungumza Kifaransa, na wageni hujiuliza Wafaransa wanahusiana vipi na mtume wa Wajerumani. Padre Provencher alipofika huko mwaka 1818 kuanzisha misheni, aliwakuta wanajeshi wa kukodiwa wa kikosi kilichoitwa de Meuron, ambao wengi wao walizungumza Kijerumani na walikuwa wameletwa na Lord Selkirk, mwanzilishi wa makazi ya huko, ili kuyalinda. Akaichagulia misheni somo wa wanajeshi wale. Wanajeshi wenyewe hawakukaa sana, jina likabaki. Mfano wa pili uko London, katika mtaa wa Whitechapel, ambako wahamiaji Wakatoliki kutoka Ujerumani wana kanisa lao la Bonifasi. Lilibomolewa kwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia na jipya likafunguliwa mwaka 1960. Mwingereza Winfrid amerudishwa kwao na Wajerumani, akiwa na jina la Kilatini.

Mama Parokia

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mstaafu, nimekuwa katibu wa parokia kwa miaka mingi, na ninajua kwamba jina la kanisa halichaguliwi na waumini peke yao. Askofu ndiye mwenye neno la mwisho. Maaskofu wa Marekani wakati ule walikuwa Waairishi kwa sehemu kubwa. Je, walikubali tu watu waje na watakatifu wao na lugha yao?

Msomakale (mwanzisha uzi)

Shikamoo Mama. Umegusa penye donda.

Hawakukubali kirahisi. Kanisa la kwanza kabisa la Wakatoliki Wajerumani lililojengwa kwa ajili ya taifa moja nchini Marekani lilikuwa la Utatu Mtakatifu, Philadelphia, lililotabarukiwa mwaka 1789, na halikuchukua muda likaingia katika mgogoro mkali kati ya wadhamini wa waumini na askofu kuhusu nani ana haki ya kumchagua padre. New York, Wajerumani walipata kanisa lao la kwanza, la Mtakatifu Nikolasi, mwaka 1833, kwa juhudi za padre Johann Raffeiner kutoka Tirol. Kila mahali hoja ya waumini ilikuwa moja: maungamo hayafanyiki kwa lugha ya kukisia. Mtu anaweza kununua mkate kwa ishara, lakini hawezi kuungama dhambi zake kwa ishara. Walikuwa na msemo wao kwamba lugha huiokoa imani, na msemo huo ulibebwa na magazeti yao, kwa mfano lile la Cincinnati ambalo padre Johann Martin Henni alilianzisha mwaka 1837, kabla hajawa askofu wa kwanza wa Milwaukee.

St. Louis kwenyewe, ambako babu yangu ana somo, parokia za Kijerumani kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa za daraja la chini, zikiwa chini ya parokia za Kiingereza zilizozizunguka. Fikiria, Mama: kanisa limejengwa kwa jasho la waumini, lina shule, lina makaburi, lina kwaya, lakini kisheria ni kama kigango. Mapadri wao waliandika Roma mwaka 1884, na mwaka 1886 padre Peter Abbelen wa Milwaukee alipeleka waraka mwingine. Mwaka 1887 Roma ikaamua kwamba parokia za lugha mbalimbali zinaweza kuwapo katika eneo moja zikiwa na hadhi sawa. Lakini uamuzi huo ulikuwa na kifungu kimoja ambacho kilikuja kuwa na nguvu kuliko vingine vyote: watoto wakishafikia utu uzima wakaondoka nyumbani, walikuwa huru kujiunga na parokia ya Kiingereza.

Wapo waliotaka zaidi. Mfanyabiashara Peter Paul Cahensly wa Limburg, ambaye mwaka 1871 alianzisha chama cha kuwahudumia wahamiaji bandarini na kukiweka chini ya malaika mkuu Rafaeli, yule aliyemwongoza Tobia safarini, alishiriki mwaka 1891 katika waraka uliomwomba Papa Leo wa 13 awape wahamiaji maaskofu wa mataifa yao. Maaskofu wa Marekani waliokuwa wakisisitiza Kiingereza waliwaka, magazeti yakaandika kwamba Ujerumani inataka kulitawala Kanisa la Marekani, na Roma ikakataa. Binafsi nadhani Cahensly alionewa. Alikuwa amewaona watu wakilala katika matumbo ya meli, alijua kile kinachompata mtu anaposhuka bandarini na hakuna hata mmoja anayelitamka jina lake sawasawa, na alichokitafuta kilikuwa ulinzi wa watu hao.

Pigo lenyewe lilitoka nje ya Kanisa. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1917, Kijerumani kikawa lugha ya kutiliwa shaka hata mimbarini. Iowa, mwaka 1918, gavana alitoa tangazo la kupiga marufuku lugha yoyote isiyo Kiingereza shuleni, hadharani, kwenye simu na katika ibada. Mwanamke mzee ambaye hakujua sala zake kwa lugha nyingine alitakiwa asali nyumbani. Katika makanisa mengi hotuba za Kijerumani zilikoma katika miaka hiyo, na kwa sehemu kubwa hazikurudi. Jina la mtakatifu lililo juu ya mlango halikuhitaji kutafsiriwa, nalo likabaki.

Mwanaruvuma

Mwanzisha uzi, heshima yako. Nimesoma kuanzia mwanzo hadi hapa na nimejikuta nikitabasamu, kwa kuwa katika ukoo wetu pekee tuna Kiliani, Bonifasi, Winfrida wawili, Meinradi, Engelbert, na mama yangu mzazi ni Walburga. Nilipokuwa Dar es Salaam watu waliniuliza kama mama ni Mzungu. Sisi tulidhani ni majina ya Ruvuma na Mtwara, kama ulivyodhani wewe.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba watakatifu hawa kwetu hawakuja na wahamiaji bali na Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, waliofika pwani mwaka 1888 na kufika Peramiho mwaka 1898. Hata Otilia mwenyewe ni mtakatifu wa mahali, binti wa Alsace aliyezaliwa kipofu kadiri ya masimulizi yake. Tofauti ninayoiona ni kwamba huko Marekani watakatifu hao waliwekwa juu ya milango, ilhali kwetu waliwekwa juu ya watoto. Makanisa yetu mengi yana majina ya kawaida, ya Yosefu, ya Maria, ya Petro, lakini ukiita orodha ya darasa la kwanza utadhani uko Bavaria.

Swali langu kwako: je, unajua kwa nini babu yako alipewa Liborius na si jina lingine? Nakuuliza kwa sababu wazee wetu husema padre alikuwa akifungua kalenda, akaangalia siku ile ni ya nani, akamaliza. Itafute tarehe.

Kengele ya Alfajiri

Kabla hujajibu hilo, mkuu, tuambie kwanza makanisa yenyewe yako katika hali gani leo. Waumini wake wako wapi?

Msomakale (mwanzisha uzi)

Kengele, waumini walifuata kile kifungu cha mwaka 1887. Watoto walikua, wakapata kazi nzuri, wakanunua nyumba nje ya mji, wakajiunga na parokia ya Kiingereza iliyo karibu. Barabara kubwa za magari zilizojengwa katikati ya miji baada ya Vita vya Pili zikayamaliza mitaa iliyobaki. Kanisa la Bonifasi la Chicago lilifungwa mwaka 1990. La Nikolasi la New York lilibomolewa zamani.

Lakini si yote yaliyokufa. Bonifasi wa San Francisco, ambaye kanisa lake lilijengwa upya baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1906, yuko katikati ya mtaa wa Tenderloin, ambako watu wengi hawana makazi. Kuanzia mwaka 2004, kwa miaka mingi, kanisa hilo lilikuwa likifungua milango asubuhi ili watu hao walale kwenye viti vya ibada. Nilikwenda huko siku ya kazi. Upande wa nyuma watu walikuwa wamelala chali na ubavu, viatu vimepangwa chini ya viti, blanketi zimewafunika hadi usoni, na mkoromo wa mmoja wao ulikuwa ukipanda hadi kwenye kuba. Upande wa mbele watu wengine walikuwa wakisali, na hakuna aliyemwamsha mwenzake. Mlangoni Bonifasi bado ndiye msimamizi.

La St. Louis lilifungwa mwaka 1992. Likakaa miaka mingi tupu, kisha vijana wa mtaani na mafundi wa kujitolea wakaligeuza kuwa uwanja wa ndani wa kuchezea mbao za magurudumu, wakajenga miinuko ya mbao palipokuwa na viti, wakaota kuwafundisha watoto wa mtaa ufundi wa kujenga. Mwezi Juni 2023 likaungua. Niliziona picha zake nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani: paa limeanguka lote, mbingu inaonekana kutoka ndani, kuta zimesimama. Nilihuzunika kama mtu aliyefiwa, ingawa sikuwahi kusali ndani yake hata siku moja.

Mwanaruvuma, swali lako halikuniacha nilale. Nilimwandikia baba mdogo, ambaye ndiye anayetunza sanduku la karatasi za babu, naye leo mchana amenitumia picha ya cheti cha ubatizo. Karatasi imekuwa na rangi ya chai, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka, na mwandiko wa padre umelala upande wa kulia kama nyasi zilizopigwa na upepo. Kwa Kilatini imeandikwa kwamba alizaliwa tarehe 22 Julai 1931 na kubatizwa kesho yake. Tarehe 23 Julai, katika kalenda ya Misa ya wakati ule, ilikuwa ya Mtakatifu Apolinari, na siku hiyohiyo Liborius alikumbukwa pamoja naye. Padre angeweza kumpa Apolinari. Ikiwa alikuwa mtu wa Paderborn au alipenda tu jina hilo, cheti hakisemi.

Baba mdogo ameongeza habari ya wale akina Liborius wengine watatu wa kijijini. Wawili walizaliwa mwezi Julai. Wa tatu alizaliwa Desemba, lakini babu ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa ubatizo, kwa hiyo wazazi wakasema mtoto achukue jina la mzee.

Mwanaruvuma

Basi huyo wa tatu ni somo wa babu, si wa Paderborn. Mungu amrehemu mzee. Nami namuuliza mama leo hii alizaliwa tarehe ngapi, maana sikukuu ya Walburga ni tarehe 25 Februari na mama husema daima kwamba alizaliwa wakati wa mvua.